Je, Wajua? Bastola ya Shabaha na Maajabu Yake

Je, wajua kwamba kwenye shabaha ya bastola ya upepo, lile duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5 tu? Tazama kifungo cha shati lako. Ndio ukubwa wake. Sasa kipeleke mita 10 mbele yako, nyoosha mkono mmoja bila kuegemea popote, na ukipige mara 60.

Bado! Ndani ya kumi hiyo imo kumi nyingine, kiduara cha milimita 5, ilhali risasi yenyewe ina unene wa milimita 4.5. Watu wakilingana alama, huangaliwa nani kakigusa hicho kidogo mara nyingi zaidi.

Na muda je? Dakika 75 kwa risasi zote 60. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 75 kwa risasi moja! Utawaona walenga shabaha wanainua mkono, wanalenga, wanahisi haijakaa, wanaushusha bila kufyatua na kuanza upya.

Mwaka 2009 Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipiga risasi zake 60 za upepo, na alama za juu kabisa zinazowezekana ni 600. Unadhani alipata ngapi? 594! Alipoteza alama sita tu katika risasi zote 60.

Haya, tuje kwenye bastola inayojipakia yenyewe, maana hiyo ndiyo wengi huota kuimiliki kwa mchezo huu. Wajua kwamba kujipakia si kumimina risasi? Kila risasi inataka kidole chako kivute upya. Kazi ya bastola ni moja: nguvu ya risasi inayotoka hutupa ganda tupu nje, hukandamiza springi, na springi ikirudi huingiza risasi mpya. Yote hayo kabla hujapepesa jicho.

Ajabu zaidi, kwenye bastola nyingi za kaliba .22 hakuna komeo lolote linalofunga mtambo wakati wa kufyatua. Uzito wa chuma cha nyuma na springi yake, basi! Hivyo viwili tu ndivyo vinavyozuia mambo mpaka risasi iwe imeshatoka mtutuni.

Sasa nikuulize wewe. Ukipelekwa dukani ukaambiwa chagua bastola ya kulengea shabaha, utachukua yenye risasi kubwa? Wapi! Olimpiki nzima ya bastola haina kitu kikubwa kuliko .22, yaani milimita 5.6. Kijirisasi chake kina gramu 2.6 hivi, na ndicho kinachotoa medali za dhahabu.

Na risasi hiyo ni kongwe! .22 Long Rifle tunayoijua ilitoka Marekani mwaka 1887, na mpaka leo ndiyo inayopigwa Olimpiki. Babu yake ni mkubwa zaidi: Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza virisasi vya namna hiyo mwaka 1845, watu wakawa wanalenga shabaha sebuleni mwao. Ndiyo, sebuleni!

Wajua kwa nini bastola nyingi za .22 hazitakiwi kufyatuliwa zikiwa tupu? Kiwashio cha risasi hii hakiko katikati ya kitako cha ganda, kiko ukingoni. Sindano ya bastola hupiga ukingo huo, na pasipo ganda inaweza kugonga chuma cha mtutu wenyewe na kuutia kovu. Ndiyo maana wazoefu hununua risasi bandia za kufanyia mazoezi, na bastola nyingi za mashindano huja na swichi ya kufyatulia bure.

Shika na hii. Risasi nzuri za shabaha hutengenezwa ziende polepole! Mwendo wa sauti hewani ni kama mita 340 kwa sekunde, na risasi hizi hukaa chini kidogo ya hapo, kwa sababu ile misukosuko ya kuuvuka mwendo wa sauti huiyumbisha risasi njiani.

Wako walenga shabaha wanaosafiri mpaka kiwandani kuchagua risasi. Mtutu wao hubanwa kwenye jiliwa, zikapigwa risasi za mkupuo huu, kisha za mkupuo ule, mpaka waone upi unakusanya matundu mahali pamoja. Wakiupata, wananunua maboksi kwa maboksi ya mkupuo huohuo. Risasi za chapa moja, kiwanda kimoja, na bado mtutu una zake unazozipenda!

Ngoja nikutie hofu kidogo. Chukua bastola ambayo kutoka kilengeo cha nyuma mpaka cha mbele ni sentimita 22. Kile kijichuma cha mbele kikikaa milimita moja tu pembeni ya pale kinapopaswa kukaa, risasi yako kwenye mita 25 itakwenda kombo kwa sentimita 11. Milimita moja, sentimita kumi na moja! Kumi yako safi imegeuka sita.

Kwa hiyo jicho la mlenga shabaha linatazama nini? Utasema shabaha. Sivyo kabisa! Linakitazama kilengeo cha mbele, kikiwa wazi na kikali, na shabaha inaachwa iwe ukungu mweusi kule mbali. Jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri karibu na mbali kwa wakati mmoja, basi wao wamechagua karibu.

Unajua jicho lako kuu ni lipi? Jaribu sasa hivi. Nyoosha mikono yote miwili, unganisha viganja ubakize kitundu kidogo, tazama kupitia hapo kitu kilicho ukutani, kisha fumba jicho moja moja. Jicho ambalo kitu kinabaki kitunduni ndilo linaloongoza, na kuna watu wengi wa mkono wa kulia ambao jicho lao kuu ni la kushoto. Mtu wa namna hiyo akichagua bastola, mpini na vilengeo vyake vinataka mawazo zaidi.

Mpini! Hapa ndipo pazuri pa kukaa kidogo. Bastola za mashindano huuzwa zikiwa na mpini wa mbao wa saizi kama nguo: mdogo, wa kati, mkubwa, wa mkono wa kulia, wa mkono wa kushoto. Na mtu akishanunua, kazi ndiyo kwanza inaanza. Huchukua tupa na msasa akapunguza pale kidole cha kati kinapobanwa, hupaka ubandiko kama wa mafundi seremala pale kiganja kinapoacha nafasi, huacha ukauke, hushika, husikiliza, hupunguza tena. Chini kuna kibao cha kupandisha na kushusha ili kikae chini ya kiganja. Mwisho wa safari, mpini ule ni wa mkono wake peke yake. Wewe ukiushika utauona wa ajabu.

Ila usizidishe! Bastola ya mita 25 lazima iingie kwenye sanduku la kupimia la sentimita 30 kwa 15 kwa 5. Mwamuzi huiweka ndani, hufunika, na kama kuna kipande kinachong'ang'ania nje, bastola imekataliwa. Uzito nao una mwisho wake: gramu 1,400, na hakuna gramu ya bahati.

Na kifyatulio? Wanakipima kwa jiwe la mizani! Mtutu huelekezwa juu, uzani wa kilo moja kamili huning'inizwa kwenye kifyatulio, kisha bastola inainuliwa taratibu kutoka mezani. Kifyatulio kikishindwa kuubeba uzani huo kikafyatuka, hakipiti. Kwa bastola ya upepo uzani ni nusu ya huo, gramu 500, na ukikivuta mara ya kwanza utadhani umefyatua kwa kuwaza tu.

Wajua kuna bastola zenye betri? Kifyatulio chake hakitegemei ndoano inayoteleza; ni swichi ya umeme. Unagusa, mkondo unapita, risasi inatoka.

Ila umeme nao una mambo yake. Olimpiki ya Tokyo iliyopigwa 2021, binti wa Kihindi Manu Bhaker aliharibikiwa na bastola katikati ya mashindano ya upepo, dakika zikapotea fundi akiitengeneza, na akakosa fainali. Miaka mitatu baadaye Paris akaondoka na medali mbili za shaba, akawa Mhindi wa kwanza tangu uhuru kupata mbili katika Olimpiki moja.

Hata mtungi wa hewa wa bastola ya upepo una tarehe ya kuisha! Ndani yake hewa imeshindiliwa mpaka shinikizo la baa 200 hivi, kwa hiyo baada ya miaka 10 mtungi hauruhusiwi tena kwenye mashindano. Ukinunua bastola ya mtumba, soma kwanza namba zilizochorwa kwenye mtungi.

Je, bastola nzuri ni lazima iwe ghali? Sikiliza hii. Mwaka 1949 Wamarekani wawili, William Ruger na Alexander Sturm, walianzisha kampuni kwa mtaji wa dola 50,000, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa bastola ya .22 inayojipakia, bei dola 37.50. Ruger alikuwa ameichungulia bastola ya Kijapani aina ya Nambu iliyoletwa na mwanajeshi aliyetoka vitani, akajifunza mtambo wake. Wajukuu wa bastola ile wanauzwa mpaka leo, na ni kati ya za kwanza ambazo anayeanza mchezo huu Marekani hushikishwa.

Na yule tai wao, nembo ya kampuni? Alikuwa mwekundu. Sturm alipofariki mwaka 1951, mwenzake alimgeuza kuwa mweusi.

Kabla yao alikuwepo John Browning, fundi ambaye Wamarekani bado wanamtaja kwa heshima. Bastola aliyoibuni ya Colt Woodsman, ya .22 na ya kujipakia, ilianza kuuzwa mwaka 1915 na ikaendelea mpaka miaka ya 1970. Zilitengenezwa zaidi ya 600,000!

Lakini kwangu mimi, bingwa wa mafundi wote ni huyu. Mikhail Margolin wa Umoja wa Kisovieti alipoteza macho yote mawili mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 18. Kipofu huyo ndiye aliyebuni bastola ya shabaha ya .22 iliyobeba jina lake, akiifinyanga kwanza kwa udongo wa kuchezea, akiisoma kwa vidole, na kuwaeleza mafundi wengine waichonge chuma. Bastola ya kulengea, imebuniwa na mtu asiyeona! Ilitumika huko kwa miongo mingi, ikafika nchi nyingi duniani.

Na wewe umeshaiona bila kujua. Ukitazama filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ile silaha mkononi mwa Princess Leia ni bastola ya Margolin iliyopambwa vikorokoro. Fundi kipofu wa Moscow amefika mpaka kwenye vita vya nyota!

Tukiwa hapo kwenye sinema: ile picha mashuhuri ya Sean Connery kama James Bond, mtutu mrefu umeegemea shavuni? Ile ni bastola ya upepo! Siku ya kupiga picha bastola ya sinema haikuwepo, na mpiga picha David Hurn, ambaye alipenda kulenga shabaha, akaleta Walther yake ya mazoezi. Mwaka 2010 ilipigwa mnada London kwa zaidi ya pauni 270,000.

Sasa kaza mkanda, twende mita 25 kwenye bastola ya kasi. Shabaha tano zimepangwa kwa safu, risasi tano, moja kwa kila shabaha. Mara ya kwanza unapewa sekunde 8, halafu 6, halafu 4. Sekunde nne! Na ndani ya hizo nne umo na ule muda wa kuinua mkono kutoka chini.

Kinamama kwenye mita 25 nao wana kibano chao. Shabaha inafunguka kwa sekunde 3, unainua mkono, unapiga moja, inafungwa kwa sekunde 7. Paris 2024, Kim Ye-ji wa Korea Kusini, yule ambaye dunia nzima ilikuwa ikimshangilia kwa utulivu wake na medali ya fedha ya upepo, alichelewa risasi moja tu hapo. Akapewa sifuri, na fainali ikampita.

Unakumbuka wiki hiyohiyo Mturuki Yusuf Dikeç? Miaka 51, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, na medali ya fedha ya timu ya mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Ule mkono mfukoni haukuwa mbwembwe. Karibu wote huuficha mkono usio na kazi, mfukoni au kwenye mkanda, ili mwili usiyumbe.

Na kweli ni mkono mmoja tu! Katika bastola zote za Olimpiki, mkono wa pili hauruhusiwi hata kusaidia kifundo.

Basi msikie Károly Takács wa Hungaria, na hii nitaisimulia bila haraka. Alikuwa sajini wa jeshi na mlenga shabaha hodari, lakini mwaka 1936 Olimpiki ilimpita kwa sababu timu ya nchi yake ilichukua maofisa tu. Mwaka 1938 guruneti bovu lilimlipukia mazoezini na kuuvunjavunja mkono wake wa kulia, ule wa kupigia. Alitoka hospitali akaanza kujifunza kwa mkono wa kushoto, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya taifa. Wenzake wakampa pole wakidhani amekuja kutazama. Akashinda! Vita vikafuta Olimpiki mbili, 1940 na 1944. Alipofika London 1948 alikuwa na miaka 38, na kwa mkono wa kushoto akachukua dhahabu ya bastola ya kasi kwa alama 580, rekodi ya dunia. Miaka minne baadaye Helsinki, akaichukua tena.

Unataka na mama wa chuma? Nino Salukvadze wa Georgia alishinda dhahabu ya bastola mwaka 1988 Seoul. Akashiriki tena, na tena, mpaka Paris 2024, Olimpiki ya kumi, mwanamke wa kwanza duniani kufikisha idadi hiyo. Kumi!

Huyuhuyu Nino, Rio 2016, alikwenda na mwanawe Tsotne, naye mlenga shabaha. Mama na mwana kwenye Olimpiki moja. Halijawahi kutokea kabla yao.

Na huyuhuyu tena, Beijing 2008. Siku zile Georgia na Urusi zilikuwa vitani. Kwenye jukwaa la bastola ya upepo Natalia Paderina wa Urusi alisimama na fedha, Nino na shaba, wakakumbatiana mbele ya dunia nzima.

Umri kwenye mchezo huu hauna haraka, wajua? Ragnar Skanåker wa Sweden alipata dhahabu mwaka 1972 na shaba mwaka 1992, akiwa na miaka 58. Afanasijs Kuzmins wa Latvia alipiga bastola ya kasi London 2012 akiwa na 65, na ile ya sekunde nne hiyo!

Dhahabu ya kwanza kabisa ya China katika Olimpiki, unadhani ilitoka wapi? Kwenye bastola! Julai 29, 1984, Los Angeles, Xu Haifeng, kijana aliyekuwa akiuza mbolea, alipiga 566 kwenye mita 50 na kuifungulia nchi yake hesabu.

Vietnam nayo vilevile. Dhahabu yao ya kwanza ni ya Hoàng Xuân Vinh, bastola ya upepo, Rio 2016.

Siku chache baadaye, Rio hiyohiyo, Jin Jong-oh tuliyemtaja juu alikuwa kwenye fainali ya mita 50 akapiga 6.6. Watu wakamzika! Akapanda ngazi moja moja, akampita kila aliyekuwa mbele, na Hoàng mwenyewe akabaki na fedha. Ilikuwa dhahabu ya tatu mfululizo ya Jin katika shindano hilohilo, na mita 50 haijaonekana tena Olimpiki tangu siku hiyo.

Kwenye mita 50 hizo, Msovieti Aleksandr Melentiev aliweka rekodi ya 581 mwaka 1980 Moscow. Ilisimama miaka 34! Unadhani nani aliivunja mwaka 2014? Jin, kwa 583.

Turudi nyuma kabisa, Athens 1896. Ndugu wawili kutoka Boston, John na Sumner Paine, walikubaliana kwamba atakayeshinda shindano la kwanza asiingie la pili. John akashinda bastola ya kijeshi, Sumner akawa wa pili. John akakaa pembeni kama walivyoahidiana, na Sumner akashinda la pili!

Na Athens ya 1906 ilikuwa na kituko. Walilenga sanamu za plasta zilizovishwa koti refu la kiungwana, alama ya kupiga ikiwa kooni. Miaka miwili baadaye London wakaonyesha mchezo wa watu wawili kupigana risasi za nta, usoni wamevaa vinyago vizito!

Mwaka 1956 Melbourne, Wasovieti walikuja na bastola ya kasi iliyopinduliwa, mtutu chini usawa wa mkono, mtambo juu. Ilipopigwa iliruka kidogo mno. Kanuni zikabadilishwa, na bastola hiyo ikaishia hapo.

Wajua dawa inayoogopwa zaidi hapa si ya kuongeza nguvu? Ni ya kutuliza moyo! Inasemekana walenga shabaha hodari hufyatua kati ya pigo moja la moyo na jingine, basi dawa za kupunguza mapigo ni haramu. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alivuliwa medali zake mbili za bastola Beijing 2008 kwa sababu hiyo.

Si Olimpiki tu. Marekani kuna shindano la zamani la risasi 270, mkono mmoja, bastola tatu tofauti mpaka kaliba .45, alama kamili 2,700. Mwaka 1974 Hershel Anderson alipiga 2,680. Mahali pao maarufu ni Camp Perry, ufukoni mwa Ziwa Erie, wanakokutana tangu 1907.

Ukipenda kukimbia huku ukilenga, kuna IPSC, chama kilichozaliwa Columbia, Missouri, mwaka 1976. Alama zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia! Aliyepata 100 kwa sekunde 20 ana 5. Aliyepata 90 kwa sekunde 15 ana 6, na ndiye mshindi. Ubingwa wa dunia wa mwaka 2002 ulipigwa hapa hapa Afrika, Pietersburg, Afrika Kusini.

Na huko ukidondosha bastola yenye risasi, umetoka mashindanoni papo hapo. Kidole kikisahauliwa kwenye kifyatulio ukiwa unatembea? Umetoka. Hakuna onyo la kwanza, hata kama wewe ni bingwa wa dunia, na wako sahihi kabisa.

Jirani zetu wa Kenya wana uwanja wa shabaha pale Kirigiti, Kiambu, na mashindano ya bastola ya vitendo, yaani ya namna hiyo ya IPSC, hufanyika. Iwe Kenya iwe Tanzania, lakini, bastola haiguswi bila kibali cha serikali kwanza.

Kuna nchi zenye masharti ya kushangaza zaidi. Japani imeruhusu watu 50 tu kumiliki bastola za baruti za mashindano! Hamsini, nchi nzima. Za upepo ni 500.

Uingereza ilipiga marufuku bastola mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto wa shule kule Dunblane. Tangu hapo timu yao ilikuwa ikivuka bahari kwenda kufanya mazoezi, na Olimpiki ya London 2012 ilihitaji ruhusa maalumu. Wanaoipenda bado wamepata njia: bastola halali yenye mtutu wa sentimita 30 na urefu wote wa 60, ikiwa na fimbo ndefu inayotokeza nyuma kama mkia!

Kijibastola cha .22 kinalia zaidi ya desibeli 140, wajua? Sauti hiyo inaumiza sikio kwa mara moja tu. Kwa hiyo, kabla ya bei ya bastola, weka kwanza ya vizibo vya masikio na miwani ya kinga, na ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa mandazi, maana risasi zina madini ya plumbi (lead).

Ukiingia uwanjani utaona bastola zote mezani zimechomekwa kamba ya rangi ya machungwa mtutuni. Ni ishara kwa kila mtu kwamba haina kitu ndani. Hata bingwa wa Olimpiki huichomeka.

Na wenye ulemavu? Sareh Javanmardi wa Iran alichukua dhahabu mbili za bastola Paralimpiki ya Rio 2016, akaongeza Tokyo, akaongeza Paris.

Canada ilikaa tangu 1968 bila dhahabu ya Olimpiki ya kiangazi. Mwaka 1984, mwaka wa kwanza kinamama kupewa shindano lao la bastola, ukame ukavunjwa na Linda Thom. Kazi yake? Mpishi, aliyesomea upishi Paris!